Mtaa Nilioupima kwa Miguu Yangu

Ipo siku moja hainitoki, mwanangu, na mimi siku hizi mengi yananitoka, hata miwani naitafuta huku nimeivaa. Siku hiyo nilikuwa nimekaa barazani, chini ya nyumba yangu mwenyewe, pamoja na vijana wenzangu. Nilisema neno moja la utani, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kicheko kile nusura kivunje nyumba yangu. Nakuhadithia kwa sababu nimesikia nawe unatafuta pa kukaa Mji Mkongwe, na nimesikia namna unavyotafuta.

Unasema unataka mtaa wa kutembea. Unataka utoke mlangoni, ukate uchochoro mmoja uwe kazini, ukate wa pili uwe na wenzako, wa tatu ukufikishe pwani kupunga upepo. Umeutaja na mtaa wenyewe, ule ambao vijana wote mnaukimbilia, wenye vimkahawa vya kukaa na kompyuta na kunywa kahawa yenye povu. Sikulaumu. Nami nilitaka hivyo hivyo, ila kahawa yetu haikuwa na povu.

Mimi ni mtoto wa Kizimbani. Baba yangu alikuwa kibarua wa mikarafuu, na safari yetu ya mjini ilikuwa ni kusubiri gari la shamba: unasubiri kwenda, unasubiri kurudi, na likija limejaa unasubiri tena. Nilipopata kazi ya ukarani bandarini niliapa kwamba sitasubiri gari tena maishani mwangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa karibuni, na mke wangu Mize, binti wa Matemwe, alikuwa bado yuko kwao akingoja nipate nyumba.

Nyumba niliipata ndani kabisa ya mji. Mtaa sitautaja, maana waliobaki pale ni watu wema na wajukuu zao wananiamkia. Ilikuwa ghorofa ya kwanza, vyumba viwili, na dirisha la mbao linalotazama uchochoro. Nikaupima mtaa kwa miguu, na wallahi niliupima kweli. Kutoka mlangoni mpaka bandarini, dakika tisa. Mpaka msikitini, mbili. Mpaka sokoni Darajani, saba, na kumi nikikutana na mtu wa maneno. Na pembeni mwa mlango palikuwa na baraza ndefu ya mawe ambapo kila alasiri walikaa vijana wa rika langu, wakinywa kahawa kwa kashata, wakicheza dhumna na kubishana mpira. Nilipoiona baraza ile nikasema moyoni, hapa ndipo.

Mize aliletwa kuiona nyumba siku ya Ijumaa. Shangazi yangu ndiye aliyemleta, saa ile wanaume tuko msikitini. Akakuta uchochoro mtupu, baraza imefagiwa, upepo unapita. Akasema, "Pametulia." Shangazi naye akasema pametulia. Hakuna aliyekumbuka kwamba mtaa wa mjini saa ya sala ya Ijumaa hautoi habari zake. Wakubwa walisema nyumba njema si mlango, nasi hata huo mlango tuliutazama wakati wanaoukalia hawapo.

Tukahamia. Raha niliyokuwa nayo siwezi kuificha. Natoka kazini kwa miguu, nasali alasiri, nateremka barazani, na mpaka magharibi nishasikia habari zote za Unguja, za kweli na za uongo. Tulikuwa kumi na mmoja pale, mimi nikiwamo. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Seif, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi kuliko sindano yake. Mtu wa shamba kama mimi, aliyekuwa akiuona mji kwa saa mbili tatu kisha anakimbilia gari, sasa nilikuwa mwenyeji. Nilijiona nimefika.

Mwezi wa kwanza Mize alikwenda sokoni mwenyewe, na mara mbili alikwenda darasa la dini la akina mama. Mwezi wa pili kichwa kilikuwa kikimuuma, au jua kali, au ana nguo za kufua. Halafu akajifunza mtindo wa Bi Zuwena, jirani yetu wa nyumba iliyopakana na yetu, wa kuteremsha kikapu kwa kamba dirishani. Muuza mboga akitia mchicha na samaki, yeye anavuta juu. Mimi nikafurahi. Nikamwambia, "Sasa umekuwa mtu wa mjini." Akatabasamu kidogo, akafunga dirisha.

Barazani nilijisifu kwamba mke wangu mtulivu, hatoki ovyo. Hebu nisikilize mwanangu, maana hapa ndipo upumbavu wangu ulipolala. Huyu alikuwa mwanamke aliyekulia Matemwe, ambako maji ya bahari yakitoka wanawake hutembea mbali kwenda kwenye vitalu vyao vya mwani, na hurudi kwa miguu wakizungumza njia nzima. Hakuwahi kuwa mtu wa ndani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye dhumna.

Basi ikawa Alkhamisi moja, mwezi wa tano toka tuhamie. Tumekaa barazani baada ya alasiri, miguu tumeinyoosha mpaka katikati ya uchochoro. Akapita mwanamke wa buibui, amevaa ninja, usoni yanaonekana macho tu, na hayo nayo ameyainamisha. Mkononi ana mfuko. Anakwenda mbio na hakutuamkia.

Seif akasema, "Bibie, taratibu. Hata salamu tumenyimwa?"

Yule mwanamke akazidi kwenda mbio. Alikuwa na mwendo wa kunyanyua miguu juu, namna watu wa pwani wanavyotembea. Na mimi, mwana wa Kizimbani, niliyekuwa mjini kwa miezi mitano, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha umjini wangu. Nikasema kwa sauti, "Mwacheni, wa shamba huyo. Anadhani maji yanajaa."

Wakacheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Yule mwanamke akasimama kidogo, akaweka mkono ukutani, kisha akaenda zake akapotea kwenye kona. Nikaokota dhumna zangu tukaendelea kucheza.

Haukupita muda nikasikia sauti kutoka juu.

"Makame."

"Naam, Bi."

"Panda huku. Peke yako."

Bi Zuwena alikuwa mjane wa makamo ya mama yangu, mtu wa ukoo wa Kiarabu uliowahi kuwa na mashamba makubwa. Wakati huo alikuwa amebaki na nyumba yenye milango miwili, mmoja wa uchochoro wetu na mmoja wa uchochoro wa nyuma, pamoja na paka wawili wasiompenda mtu. Nikamwamkia, "Shikamoo Bi." Akaitikia marahaba bila kunitazama, akanionyesha pa kukaa. Hakunipa kiti. Alinikalisha dirishani.

"Tazama chini. Unaona nini?"

"Nnawaona wenzangu, Bi."

"Mie naona macho ishirini na mbili. Nnayaona kila siku nikiwa hapa. Mkeo amekwenda kwao."

Nikamwambia haiwezekani, mke wangu yuko ndani, hatoki. Akanijibu polepole, na kila neno nalikumbuka mpaka leo.

"Hatoki kwa mlango wako. Miezi mitatu sasa yule mtoto akitaka kutoka hupita kwangu kwa huko juu darini, akashukia mlango wa nyuma, ndo ende sokoni. Leo mie nilikuwa hitimani na nyumba nimeifunga. Hakuwa na njia. Akavaa ninja, akapita mbele yenu. Nimekutana naye hapo kwenye kona nikirudi kwa nyuma. Kanambia ulivyosema."

Ee mwanangu! Niliukumbuka ule mkono ukutani. Niliukumbuka mwendo niliouchekea, mwendo ambao nilikuwa nikiuona kila siku ukitoka jikoni kuja chumbani, wala sikuutambua. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole huuma likapoa, lakini neno langu lilikuwa limeshafika Matemwe.

Nikajitetea, kama vijana wote. "Bi, mbona hakuniambia toka mwanzo?"

"Angekwambia nini? Akushitakie macho, na mawili ni yako?"

Akanifahamisha jambo ambalo mtu wa shamba kama mimi ndiye niliyetakiwa kulijua kabla yake. Kwao Mize, ukipita mbele ya watu unawaamkia, hata wawe ishirini. Wanakujibu, wanakuuliza habari za nyumbani, unaendelea na njia yako. Asiyeamkia hana adabu. Sasa mtoto aliyelelewa hivyo anashuka ngazi akakuta wanaume kumi na mmoja wa rika lake wamekaa na miguu yao njiani. Akiwaamkia wanamtania. Asipowaamkia wanasema anajidai. Siku za mwanzo alijaribu yote mawili, na yote mawili yalichekwa. Mara nyingine nilikuwapo nikicheza, sikuinua hata kichwa.

"Uliupima mtaa huu," akasema Bi Zuwena. "Nshakusikia ukijisifu hapo chini. Dakika tisa, dakika mbili. Uliupima kwa miguu ya nani?"

Hakuningoja nijibu. Akaniambia niende zangu.

Asubuhi yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda kusubiri gari la shamba. Naam, yule yule aliyeapa. Nilichukua halua na doti ya kanga, maana mkono mtupu haulambwi, na njia nzima niliipanga hotuba ya msamaha. Nilikuwa na hofu ya kweli. Niliamini kwamba mke wangu ameondoka moja kwa moja, na kwamba nikifika nitaitwa na wazee kikaoni nikae chini nisikilize.

Mama mkwe alinipokea kwa heshima, akaniambia Mize yuko pwani. Sasa kufika pwani pale lazima upite kwenye banda la makuti ambapo wanawake hukaa kufunga mbegu za mwani kwenye kamba. Walikuwa kama ishirini siku ile. Wakaniona kwa mbali, mazungumzo yakakatika.

Hatua zile zilikuwa chache, lakini mwanangu, sijawahi kutembea masafa marefu kama yale. Sikujua mikono niiweke wapi. Nikasema, "Shikamooni, mama zangu," wakati nusu yao walikuwa wadogo kwangu. Wazee wakaitikia. Kisha mmoja, bila kuinua kichwa kwenye kamba yake, akasema, "Bwana wa mjini, viatu vitajaa mchanga hivyo." Wengine wakachekea kwenye mitandio yao. Hakukuwa na tusi pale, ni utani tu. Lakini masikio yangu yaliwaka moto, na nilitamani pawepo na njia ya nyuma. Hapo ndipo nilipofahamu, si kwa maneno ya Bi Zuwena bali kwa miguu yangu mwenyewe.

Nilimkuta Mize kwenye kitalu, maji kwenye vifundo vya miguu. Hotuba yote ikanipotea.

"Nisamehe," nikasema. "Sikujua kama ni wewe."

"Najua hukujua," akasema. "Hilo ndo liloniuma. Ungelijua usingelisema. Basi huyo mwengine, asiyekuwa mkeo, ndo asemwe?"

Nimeishi miaka mingi toka siku ile, nimesikia hotuba za wakubwa na mawaidha ya mashekhe, na bado sijasikia swali lililonikaa kama lile. Nikakubali kosa, bila "lakini" na bila "kwa sababu". Kisha nikauliza nililokuwa nikiliogopa.

"Hutorudi tena?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nani kasema? Nilimwambia Bi Zuwena n'nakwenda kwetu siku tatu, Jumapili nnarudi. Nilitaka kutembea tu, Makame. Nitembee bila ya kujificha."

Nikakaa chini. Nilikaa pale pale kwenye maji, na suruali yangu ya kazini, nikasema alhamdulillahi mara sijui ngapi. Mize akacheka, na kilikuwa kicheko chake cha kwanza nilichokisikia kwa miezi. Bi Zuwena alijua toka mwanzo kwamba ni siku tatu. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuniambia, alisema, "Hukuuliza," akaendelea kumpa paka wake samaki. Nilimshukuru, ingawa siku ile nilitaka kumkasirikia.

Lakini Mize alikuwa na sharti moja. "Kwako nnarudi," alisema. "Mlango ule si wa kukaa mie." Na mimi sikubisha.

Safari hii tuliutafuta mtaa wawili, na yeye mbele. Tulikwenda asubuhi, tukaenda tena baada ya alasiri baraza zikiwa zimejaa, tukaenda siku ya mvua tukaona maji yanakosimama. Nyumba tatu nilizozipenda mimi alizikataa pale pale kwenye kona, kabla hatujafika mlangoni. Ya nne ilikuwa kwenye uchochoro wenye akina mama wanaokaa milangoni wakimenya muhogo, na pembeni yao mzee mmoja kwenye baraza, kofia imemkaa upande. Mize akawaamkia wote. Mzee akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nyumba ya nani unaitafuta?" Mize akamjibu akiwa amesimama, akaulizwa kwao, ikatokea kwamba mama mmoja pale ana dada aliyeolewa Matemwe. Mimi nilisimama nyuma nimeshika mwavuli, hakuna aliyenishughulikia. Mize akageuka akaniambia, "Hapa."

Vyumba vilikuwa vidogo zaidi, na bandarini palikuwa dakika kumi na sita. Kijana wa rika langu wa kucheza naye dhumna hakuwapo hata mmoja. Wiki ya kwanza nilinuna kidogo, sitakudanganya. Kisha alasiri moja narudi kazini nikakuta nyumba imefungwa. Nikakaa kwenye ngazi nisijue la kufanya, mara nikamsikia anakuja, anaongea na mtu njiani, hana haraka. Akaingia na mkate wa mofa umefungwa kwenye gazeti. Akasema, "Nshakwenda sokoni, nshakwenda darasa, nsharudi. Wewe ulikuwa unangojea nini hapo?" Nikamwambia nilikuwa nangojea mkate. Mwanangu, utulivu ulioniingia siku ile sijaupata kwenye baraza yoyote.

Wenzangu wa kule niliwaambia ukweli, kwamba yule tuliyemcheka alikuwa mke wangu. Dhumna zikalala. Seif, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akaanza kukusanya vipande vya dhumna kimoja kimoja. Baadaye alikuja na mama yake kumwomba Mize radhi, naye akamsamehe, akampa na chai. Na ukipita pale leo utaona watu wanakusanya miguu yao mtu akipita. Sisemi ni kazi yangu. Pengine wamezeeka tu.

Sasa wewe. Penda kutembea, na mtaa wenye vijana wenzako si dhambi. Upweke nao ni ugonjwa. Lakini usiniambie mtaa unatembeka kwa sababu wewe umeutembea ukafurahi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na uchochoro usioupita ukiwa mnyonge hujui urefu wake. Mchukue utakayekaa naye, au mama yako atakayekuja kukutembelea na miguu yake mizito, umtangulize yeye mbele. Mkifika kwenye kona usimtazame mdomoni, mtazame anavyotembea. Akiongeza mbio, rudini. Sheha, mkuu wa mtaa, atakupa karatasi yake ya kuhamia, lakini habari za mtaa kaulize kwa mwanamke anayekaa mlangoni, na uende alasiri, si saa ya sala ya Ijumaa. Kuuliza si ujinga.

Kama wewe mwenyewe ndiye unayeogopa kupita, sema. Usijifunze njia za nyuma miezi mitatu kwa kumwonea haya mtu anayekupenda. Na siku utakayokuwa umekaa barazani, maana utakaa, vuta miguu yako ndani na mwache mtu apite na salamu yake au kimya chake. Usingoje awe mkeo, dada yako au binti yako ndipo umstahi. Huyo usiyemjua naye ana kwao.

Mwenyezi Mungu akupe mtaa wenye majirani wanaokujibu, akupe jirani wa kukukemea unapokosa, na akujaalie nyumba ambayo kila aliyemo anatoka bila ya hofu na anarudi kwa sababu anataka kurudi. Amin, mwanangu.